Kwa nini mabaki husomwa kutoka chini, na kwa nini 0.1 haiishi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa kwanza wa stashahada ya kompyuta. Tumefundishwa kubadili namba za kawaida kuwa bainari, zile zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu, kwa kugawa kwa mbili, kuandika mabaki pembeni, halafu kuyasoma kutoka chini kwenda juu. Nafuata na jibu napata, ila sielewi kwa nini tuanzie chini. Zikija desimali tunaambiwa tuzidishe kwa mbili badala ya kugawa, na safari hii tusome kutoka juu. Nayo nimeikariri tu. Kilichonikwamisha hasa ni zoezi la juzi: 13.625 imetoka vizuri, lakini 0.1 nimejaza ukurasa mzima na haijafika mwisho. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujakosea popote. 0.1 haina mwisho katika bainari, na hata ungenunua kaunta buku jipya kwa ajili yake peke yake, ungemaliza kurasa ukiwa bado unaandika. Nitakuonyesha kwa nini. Ila huwezi kuona sababu ya 0.1 kabla hujajua mabaki yale ni ya nini, kwa hiyo tuanze na mabaki.

Umewahi kusikia kwamba haba na haba hujaza kibaba. Pengine hukuwahi kukiona hicho kibaba chenyewe. Kabla kilo hazijashika soko, watu wa mwambao walipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili ni kisaga kimoja. Visaga viwili ni pishi moja, kwa hiyo pishi ina vibaba vinne. (Pishi bado ipo midomoni mwa Waislamu kila Ramadhani inapokaribia kwisha, zaka ya fitri inapotajwa.) Tazama vinavyopanda: moja, mbili, nne. Kila kipimo ni mara mbili ya kilicho chini yake. Mwalimu wako anapoandika ubaoni 1, 2, 4, 8, 16, anaendeleza ngazi ambayo wauza mchele wa pwani waliipanda bila kuiita bainari.

Sasa chukua vibaba 13 vya mchele. Mwenye duka anataka kila viwili vinavyoweza kuungana viungane, abaki na vipimo vichache kadiri inavyowezekana. Unaviweka vibaba viwili viwili. Unapata visaga 6, na kibaba 1 kimekosa mwenzake. Hicho ndicho baki lako la kwanza: si takataka ya kugawanya, ni kibaba kilichokosa mwenzake. Hakitapanda tena. Kitabaki kibaba hadi mwisho wa hesabu.

Unaendelea na visaga 6. Ukiviweka viwili viwili unapata pishi 3, na hakuna kisaga kilichobaki. Baki ni 0. Pishi 3 zinatoa jozi moja, na pishi 1 inabaki peke yake. Juu ya pishi tubuni kipimo chetu cha pishi mbili, tukiite pishi pacha. Unayo pishi pacha 1, haina mwenzake, hivyo nayo ni baki: 1. Umemaliza.

Mabaki yalitoka kwa utaratibu huu: kibaba 1, kisaga 0, pishi 1, pishi pacha 1. Dogo lilitoka kwanza, kubwa mwishoni. Lakini sisi tunapoandika namba tunaanza na kubwa upande wa kushoto na kumalizia na ndogo kulia. Mtu mwenye shilingi mia nne sabini na mbili haandiki 274. Basi mabaki tuliyoyapata toka dogo hadi kubwa lazima tuyageuze: 1101. Ndiyo siri yote ya kuanzia chini. Kuna wanafunzi wangu waliosoma madrasa ambao hawakuhitaji kugeuza chochote: kila baki likitoka waliliandika upande wa kulia, linalofuata kushoto kwake, kama wanaoandika Kiarabu, na jibu lilijipanga lenyewe. Nakushauri ufanye hivyo. Wanaosoma mabaki juu chini kwa makosa kwenye mtihani ni wengi kuliko wanaokosea kugawa.

Ukitaka kuamini kwamba jambo hili si la namba mbili tu, igawe 472 kwa kumi. Unapata 47, baki 2. Gawa tena: 4, baki 7. Gawa tena: 0, baki 4. Mabaki ni 2, 7, 4, na ukiyasoma kutoka chini unarudi kwenye 472. Ni kazi ileile. Ila kwa kumi tumezoea kiasi kwamba hatuioni.

Kuna namba tatu ambazo kila mtu wa Afrika Mashariki anazo kwenye simu yake na ambazo zinafundisha kuliko zoezi lolote la kitabuni: 254 ya Kenya, 255 ya Tanzania, 256 ya Uganda. Anza na 255. Gawa: 127 baki 1, 63 baki 1, 31 baki 1, 15 baki 1, 7 baki 1, 3 baki 1, 1 baki 1, 0 baki 1. Moja nane mfululizo: 11111111. Hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye baiti moja, yaani biti (tarakimu za bainari) nane, na ndiyo sababu unaiona kila mara kwenye mipangilio ya mtandao, 255.255.255.0 na ndugu zake. Kenya iko moja chini, 11111110. Uganda imevuka mpaka: 256 inagawanyika kwa mbili mara nane bila baki lolote, halafu inabaki 1 pekee, kwa hiyo ni 100000000, tarakimu tisa. Baiti moja haiwezi kuibeba. Waliogawa namba za simu hawakuwa na nia ya kufundisha bainari, lakini wametusaidia.

Kuhakiki jibu ni rahisi kuliko kulitafuta, na nashangaa vyuo vingi haviyatilii mkazo. Soma jibu lako kutoka kushoto. Shika tarakimu ya kwanza. Kila unapokwenda kulia, zidisha ulichonacho kwa mbili kisha ongeza tarakimu unayoikuta. Kwa 1101: una 1, mara mbili ni 2, ongeza 1, una 3, mara mbili ni 6, ongeza 0, una 6, mara mbili ni 12, ongeza 1, una 13. Unachofanya ni kuzifungua zile jozi, ukishuka ngazi toka pishi pacha hadi kibaba.

Kuna na njia ya pili, ya kutoa. Mimi kwa namba yoyote isiyozidi 255 sigawi kabisa. Naandika 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1, kisha naanza na kubwa. 200: 128 inaingia, zinabaki 72, 64 inaingia, zinabaki 8, 32 haiingii, 16 haiingii, 8 inaingia, basi. 11001000. Ni haraka, na unaona namba imejengwa kwa nini. Lakini kwa namba kubwa utalazimika kukumbuka 8192, 16384 na kuendelea, na hapo kugawa kunakuwa salama zaidi. Kama mwalimu wako amedai njia maalumu, fuata yake; alama hazigombaniwi kwa falsafa.

Haya, twende kwenye nukta.

Upande wa kushoto wa nukta kila nafasi ni mara mbili ya iliyo kulia kwake. Ukivuka nukta mwendo hauvunjiki, unaendelea kupungua kwa nusu: baada ya moja inakuja nusu, kisha robo, kisha thumuni, kisha sehemu ya kumi na sita. Nusu, robo na thumuni ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na yote matatu ni nafasi za bainari zilizokamilika. (Thumuni hapa ni sehemu ya nane, usiichanganye na sumni ya senti hamsini ambayo wazee wako waliitumia dukani.) Kibaba chako kikigawanywa nusu, nusu yake, na nusu ya nusu yake, umeshaingia kulia kwa nukta.

Kwa nini basi tuzidishe kwa mbili? Kwa sababu kuzidisha ni kuuliza. Una 0.625 na unataka kujua kama nusu imo ndani yake. Zidisha kwa mbili: 1.25. Imefika moja, maana yake nusu imo. Andika 1, iondoe, ubaki na 0.25. Sasa uliza kuhusu robo, lakini kwa kuwa ulishazidisha mara moja, kila kitu kimekuwa kikubwa maradufu na robo imekuwa nusu. Unauliza swali lilelile tena: 0.25 mara mbili ni 0.5. Haijafika moja, robo haimo, andika 0. Halafu 0.5 mara mbili ni 1.0. Thumuni imo, andika 1. Hakuna kilichobaki. Jibu ni 0.101, yaani nusu na thumuni, na nusu na thumuni ndiyo 0.625.

Umeona utaratibu wake? Safari hii kubwa limetoka kwanza. Nusu iliulizwa kabla ya robo, robo kabla ya thumuni. Ndiyo maana unasoma kutoka juu, bila kugeuza. Hakuna kanuni mbili za kukariri. Kanuni ni moja, kwamba kubwa likae kushoto, na wewe unaangalia tu lilitoka lini. Unganisha na vile vibaba 13 na una 1101.101, ambayo naamini ndiyo uliyoipata.

Sasa 0.1. Fanya nami polepole. 0.1 mara mbili ni 0.2, andika 0. 0.2 mara mbili ni 0.4, andika 0. 0.4 inakuwa 0.8, andika 0. 0.8 inakuwa 1.6, andika 1, baki na 0.6. 0.6 inakuwa 1.2, andika 1, baki na 0.2.

Simama hapo. 0.2 tumeshaipita. Tulipokuwa nayo mara ya kwanza ilitupeleka 0.4, 0.8, 0.6, kisha ikaturudisha kwake. Itafanya hivyo tena, na tena, kwa sababu kuzidisha kwa mbili hakubadiliki hisia njiani. Tarakimu zinazotoka ni 0.0 kisha 0011 0011 0011 bila kikomo. Ukurasa wako uliojaa ulikuwa sahihi kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kilichokosekana ni kugundua kwamba umerudi mlangoni.

Tena haikuwa bahati mbaya. Kurudi kulikuwa lazima. Kila ukishaondoa moja, unachobaki nacho ni sehemu za kumi: 0.2, 0.4, 0.6 au 0.8. Vyumba ni vinne tu. Anayetembea bila kusimama katika nyumba ya vyumba vinne atarudi alikotoka. Njia ya kutokea ingekuwa kupata 0 au 0.5, na hesabu yako haipiti huko.

Chanzo chake kiko kwenye ile kumi. Sehemu yoyote, ukishairahisisha, huisha katika bainari ikiwa tu namba yake ya chini imejengwa kwa mbili pekee: 2, 4, 8, 16 na kuendelea. 0.625 ni tano juu ya nane, ikaisha. 0.1 ni moja juu ya kumi, na kumi ni mbili mara tano. Ile mbili haina shida. Tano ndiyo mgeni ambaye bainari haina kiti chake. Wewe mwenyewe unaishi na kasoro ya namna hii kila siku katika mfumo wa kumi: theluthi. Gawa shilingi kumi kwa watoto watatu na utaandika 3.333 mpaka wino ukauke, kwa sababu kumi ina mbili na tano ndani yake lakini haina tatu. Hakuna anayesema theluthi ni namba mbovu. Ni maandishi yetu ndiyo hayana nafasi yake.

Pima ukubwa wa jambo hili kwa senti. Toka 0.01 hadi 0.99 kuna namba 99. Zinazoisha katika bainari ni tatu tu: 0.25, 0.50 na 0.75. Robo, nusu na robo tatu. Nyingine 96 zote zinazunguka kama 0.1. Kodi ya asilimia 18 haiishi, na ya asilimia 16 haiishi pia.

Kompyuta haiwezi kuandika bila kikomo, kwa hiyo inakata. Aina ya namba inayotumika sana kwenye lugha za programu, kwa kiwango kilichowekwa mwaka 1985, huhifadhi tarakimu 53 za bainari zenye maana na kukadiria zilizobaki. Ukiiwekea 0.1, ndani inakaa namba inayoanza 0.1000000000000000055. Imezidi kwa kiasi ambacho hakuna mizani ya duniani itakayokiona. Lakini fungua lugha ya programu ya Python au kiweko cha kivinjari chako, andika 0.1 + 0.2, na utajibiwa 0.30000000000000004. Wanafunzi hudhani mashine imeharibika.

Mimi nilidhani hivyo pia. Nilipokuwa na umri wako niliandika programu iliyojumlisha 0.1 tena na tena, nikaiamuru isimame jumla ikiwa sawa na 1. Haikusimama. Niliizima, nikaanza upya, nikabadili mashine, nikamlaumu aliyeniuzia diski. Siku mbili. Ukijumlisha 0.1 mara kumi kwa aina hiyo ya namba unapata 0.9999999999999999, na hatua inayofuata inaruka juu ya 1 moja kwa moja. Sawa kabisa na 1 haikuwahi kuwa. Tangu hapo silinganishi namba za nukta kwa alama ya usawa. Nauliza kama tofauti yake ni ndogo kuliko kiasi nilichokipanga.

Hayo yangu yaliishia kwenye usingizi uliopotea. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraki lilipiga kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua wanajeshi 28. Mfumo wa Patriot, wa kutungua makombora, uliowekwa kuwalinda haukurusha chochote. Ripoti ya wakaguzi wa Bunge la Marekani, iliyotoka mwaka uliofuata, ilieleza sababu, na wewe uliyejaza ukurasa utaielewa haraka kuliko majenerali. Saa ya mfumo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde. Ili kupata sekunde, hesabu hiyo ilizidishwa kwa 0.1, na 0.1 hiyo ilikuwa imekatwa ili iingie kwenye rejista, yaani nafasi ya kuhifadhia namba ndani ya mashine, ya biti 24. Kosa la kila hatua lilikuwa karibu 0.000000095 ya sekunde. Ni dogo mno, lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 bila kuzimwa, na saa 100 zina sehemu za kumi za sekunde 3,600,000. Zidisha mwenyewe: kama 0.34 ya sekunde. Scud husafiri zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Rada ilitazama mahali ambapo kombora lilikosekana kwa zaidi ya nusu kilomita, ikaona anga tupu. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Usinielewe vibaya: namba za nukta zinafaa. Zinatosha kabisa kwa umbali, joto, picha na sauti, ambako vipimo vyenyewe vina makosa makubwa kuliko hayo. Pesa ndiyo usiziguse nazo. Ukiandika programu ya duka, hifadhi senti kama namba kamili: shilingi 12.10 iwe senti 1210, na nukta iwekwe tu wakati wa kuchapa risiti. Namba kamili, kama ulivyoona kwa vibaba, huisha daima, kwa sababu kila unapogawa kwa mbili rundo linapungua na siku moja litafika sifuri.

Turudi kwenye zoezi lako. Kama swali halikutaja idadi ya nafasi, andika 0.0 halafu 0011 yenye mstari juu yake, kuonyesha kwamba kundi hilo ndilo linalojirudia. Kama limetaka nafasi nane, usikate tu. Nafasi nane za kwanza ni 0.00011001, na tarakimu ya tisa ni 1, kwa hiyo unapandisha na kupata 0.00011010. Hakiki: 0.00011001 ni 25 juu ya 256, yaani 0.09765625. 0.00011010 ni 26 juu ya 256, yaani 0.1015625. Hiyo ya pili iko karibu zaidi na 0.1. Ukitaka zoezi jingine la jioni, fanya 0.7, na simama mara tu utakapokutana na sura uliyoiona.